Jamhuri, Atomic au Moro: ubishi usiokwisha wa Korogwe na Handeni

Pale Segera barabara inagawanyika. Anayetoka Dar es Salaam akishika mkono wa kulia anateremka Muheza na Tanga. Akishika wa kushoto anaingia Korogwe, apite Mombo na Same hadi Moshi na Arusha. Handeni nayo ina mlango wake wa nyuma, ile njia ya Mziha na Turiani inayotokea Morogoro. Ukiijua ramani hiyo umeshajua nusu ya sababu kwa nini watu wa wilaya hizi mbili, zinazopakana na kuoana, hawatakubaliana kamwe kuhusu bendi bora ya dansi ya zama za zilipendwa.

Zama zenyewe tuziwekee mipaka, maana ubishi usio na mipaka hauna mshindi. Naanzia 1964, ilipozaliwa NUTA Jazz, naishia Januari 1979, Mbaraka Mwinshehe alipofariki kwa ajali ya gari Mombasa. Katika miaka hiyohiyo vijana wa Uingereza walikuwa wakigawanyika kwa ajili ya Beatles na Rolling Stones. Kwetu watu waligawanyika kwa mitindo. Kila bendi ilikuwa na jina la mtindo wake, na shabiki alilibeba jina hilo kama la ukoo: Western Jazz na Saboso, NUTA na Msondo, Urafiki na Chakachua, Afro 70 na Afrosa. Ukimtukania mtu mtindo wake, umemtukana yeye.

Mkoa wa Tanga ulikuwa na mafahari wawili, Jamhuri Jazz na Atomic Jazz, wote wa Tanga mjini. Atomic ilikuwa na mwimbaji na mtunzi Stephen Hiza, jina ambalo msomaji wa Korogwe hahitaji kuelezwa ni la watu wa wapi. Ilikuwa bendi tamu kwa sauti, yenye gitaa jepesi linalokwenda kwa raha, na wimbo wake wa kuisifu nchi, Tanzania Yetu, uliwafikia hata watu ambao hawakuwahi kukanyaga dansi. Wanaoipa Atomic nafasi ya kwanza wana hoja. Mimi nadhani wanapenda sauti kuliko bendi, lakini hilo ni la kwangu.

Jamhuri ilianza katikati ya miaka ya 1950 kwa jina la Young Nyamwezi. Mgeni angeuliza Wanyamwezi walifuata nini Tanga. Mtu wa Korogwe haulizi. Mashamba ya mkonge ya Hale, Ngombezi, Magoma na Mazinde yalilimwa kwa mikono ya manamba waliosombwa kutoka Tabora, Kigoma, Songea, Msumbiji na Burundi, wengi wao kupitia ofisi ya wenye mashamba iliyoitwa SILABU. Mkonge ndio uliokuwa ukiongoza kuiletea nchi fedha za kigeni, na mwaka 1964 zilivunwa tani zipatazo 230,000. Katika kambi za wakataji kila kabila lilikuja na ngoma yake. Kiswahili na mshahara wa mwisho wa mwezi vikawakutanisha, na penye mshahara dansi halikosekani. Kwa hiyo muziki wa Tanga haukuwa wa pwani peke yake, hata kama taarabu ya Black Star na Lucky Star ndiyo iliyoutangaza mji huo. Ulikuwa na bara ndani yake.

Mwaka 1966 wakaingia Jamhuri ndugu wawili, Wilson na William Kinyonga. Hapo ndipo gitaa la Tanga lilipopata ile tabia ambayo mpenzi wa zilipendwa anaitambua kabla mwimbaji hajafungua mdomo: solo inasimulia, gitaa la pili linaijibu, rithimu inakaa katikati bila papara, besi inatembea. Hakuna anayemkimbiza mwenzake. Wakongo wa wakati ule walikuwa na mbio zaidi na mapambo zaidi. Jamhuri walikuwa na subira.

Mwaka 1970 ndugu hao waliiacha Tanga wakaenda Arusha, mdogo wao George akaungana nao, na wakaunda Arusha Jazz. Barabara ya Arusha inapita Korogwe, nasi tunaweza kujidai angalau kwa hilo. Mwaka uliofuata walivuka mpaka hadi Kenya, na bendi ikapata jina jipya, Simba Wanyika. Kuvuka kwao hakukuwa utoro. Tanzania Bara haikuwa na kiwanda cha santuri. Mwanamuziki alirekodi Radio Tanzania, wimbo ukapigwa hewani, basi. Santuri zilitengenezwa Nairobi, na aliyetaka sauti yake iuzwe dukani aliifuata huko. Mwishoni mwa 1978 Simba Wanyika ikapasuka, Omar Shabani na wenzake wakatoka kuunda Les Wanyika, na wakatoa Sina Makosa, wimbo ambao harusi za Mombasa, Nairobi na Dar bado haziupumzishi.

Mwaka huohuo wa 1978, Dar es Salaam nako kulipasuka. Muhiddin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na Abel Balthazar wakawa miongoni mwa walioanzisha Mlimani Park, Sikinde, na kuanzia hapo taifa likapewa ubishi mmoja wa kuwatosha wote: Msondo au Sikinde? Vijana wa Korogwe waliozaliwa baadaye wamerithi swali hilo kama kwamba ndilo swali lenyewe. Naliona ni swali la Dar. NUTA Jazz ilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi. Vyombo vilinunuliwa na chama, na wanamuziki walilipwa mshahara kama makarani. Mlimani Park nayo ilianza chini ya kampuni ya umma ya teksi na usafirishaji. Bendi yenye shirika nyuma yake haifi mpiga solo anapohama. Inabadilisha jina, kama NUTA ilivyogeuka JUWATA na kisha OTTU, inaajiri mwingine, inaendelea. Na fedha za chama zilitoka wapi? Kwenye ada za wanachama, wakataji mkonge wakiwamo. Msondo ina deni Ngombezi.

Jamhuri haikuwa na kinga hiyo. Ilipowapoteza akina Kinyonga ilipoteza na nafasi yake katika kumbukumbu, wakati mkonge wenyewe ulikuwa ukianguka bei mbele ya kamba za nailoni. Kipimo cha kuuliza ni bendi ipi bado inapiga kinawapa ushindi waliokuwa na mwajiri.

Waliotaka roki hasa hawakukosa. Sunburst ya Dar es Salaam ilipiga magitaa ya umeme kwa mwendo wa Kimarekani, ikatoa albamu yake Ave Africa mwaka 1976 baada ya kuhamia Zambia. Lakini Dar ilikuwa imepiga marufuku soul tangu 1969, na muziki wa namna hiyo uliangaliwa kwa jicho la pembeni. Sijasikia mtu wa Handeni akiipigania Sunburst.

Handeni wanampigania Mbaraka. Aliingia Morogoro Jazz katikati ya miaka ya 1960, akaiongoza, akafika nayo Japani kwenye maonyesho ya Osaka ya 1970, akatoka 1973 kuunda Super Volcano. Mwimbaji, mtunzi na mpiga solo katika mtu mmoja: Tanga haikuwa na mtu wa kumweka mbele yake, na Wilson Kinyonga mwenyewe nisingemsimamisha kwenye mizani hiyo.

Swali, hata hivyo, lilikuwa la bendi. Ondoa Mbaraka uone Morogoro Jazz inabaki na nini. Kisha ondoa Jamhuri ya 1966 hadi 1970 uone inaondoka na nani: Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika ya Issa Juma, na nusu ya kile Wakenya wanachokiita dansi la Kiswahili. Kura yangu ni ya Jamhuri, Atomic ya pili. Wa Handeni wakatae kama wanavyokataa siku zote, na wakishindwa kwa hoja wataitisha wimbo mmoja wa Mbaraka upigwe, jambo ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kupigwa marufuku kabla ya soul.