Kiungo cha tela: historia yake, na kwa nini ukikague kabla ya kupakia

Ndugu mkulima,

Msimu wa kahawa unakaribia na viongozi wa AMCOS mmeanza kutafuta magari. Huwa mnaniuliza bei ya kukodi na idadi ya magunia. Leo tuzungumzie sehemu ambayo hakuna anayeniuliza: pale kichwa cha lori kinapoungana na tela.

Nina sababu. Miaka kadhaa iliyopita nilisimama kwenye ghala la kijiji kimoja cha milimani nikihesabu magunia yakipakiwa kwenye tela la trekta. Pini ya kuungia ilikuwa imepotea, wakachomeka kipande cha nondo na kukifunga kwa waya. Nilikiona nikanyamaza, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa kuhesabu. Kwenye mlima wa kwanza nondo ikachomoka, tela likarudi nyuma hadi korongoni. Kijana mmoja aliyekaa juu ya magunia alivunjika mguu, na kahawa ya kaya nyingi ikalowa.

Kahawa ilipoanza kupandwa Umatengo miaka ya 1920, magari yalikuwa machache na mzigo ulitegemea vichwa vya watu. Kule ziwani, Liuli iliitwa Sphinxhafen na Wajerumani. Agosti 1914 meli yao, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, Waingereza wakaja na meli yao Gwendolen wakaishambulia. Watu wa pwani ya Nyasa mnajua: chombo kikishatoka majini, kukihamisha ni kazi.

Mwaka huohuo wa 1914, kazi kama hiyo ilimpata mhunzi wa Detroit, Marekani, aitwaye August Fruehauf. Mfanyabiashara wa mbao alitaka mashua yake ivutwe na gari dogo aina ya Ford. Fruehauf akatengeneza tela la kuunga nyuma ya gari. Mteja alipenda, akaagiza mengine ya kubebea mbao. Katika miaka hiyohiyo Charles Martin alitengeneza sahani ya kuungia iliyorahisisha kulifunga na kuliacha tela. Sahani hiyo huitwa “gurudumu la tano”. Jina ni la zamani zaidi: magari ya farasi yalikuwa na magurudumu manne, na duara la chuma lililolala juu ya ekseli ya mbele ili igeuke likahesabiwa la tano.

Kwetu matela makubwa yalizidi baada ya makaa ya mawe kuanza kuchimbwa Ngaka mwaka 2011, na lami kufika Mbinga kutoka Peramiho, kisha kuteremka hadi Mbamba Bay. Lami ni neema, lakini imeongeza mwendo. Ziwa liko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari, na vilima vyetu hupita mita 1,500. Tela likiachia kwenye mteremko huo, mbele yake kuna watoto wa shule na magenge ya ndizi.

Kwa hiyo, kabla ya kupakia, mwombe dereva mkague pamoja:

1. Vipimo vilingane. Pini ya tela, yaani kingipini, huwa ya inchi 2 au inchi 3.5. Sahani ya kichwa lazima iwe ya kipimo hichohicho, na uwezo ulioandikwa kwenye kibati chake utoshe mzigo. Kingipini ya inchi 2 ina milimita 50.8 ikiwa mpya. Ikilika hadi 49, ibadilishwe.

2. Mwanga usipite. Shuka na tochi. Kati ya sahani na tumbo la tela pasiwe na nafasi. Ukiona nafasi, huenda pini imekaa juu ya taya badala ya kuingia ndani yake.

3. Taya zimefunga. Chungulia kwa nyuma: taya ziwe zimeikumbatia shingo ya pini. Mkono wa kufungulia uwe umeingia wote, na kizuizi chake kimewekwa.

4. Livute kidogo. Tela likiwa limefungwa breki na miguu yake ikiwa bado chini, dereva avute taratibu kwa gia ndogo. Kisha shuka mkague tena. Kuvuta peke yake hakutoshi.

Kwa trekta na pawatila, tumia pini ya kiwanda yenye klipu yake. Usitumie nondo, msumari wala waya. Na mtu asipande juu ya mzigo.

Sahani za leo hujifunga zenyewe pini inapoingia, na ndiyo maana watu wameacha kuzitazama. Dereva mzuri hataudhika ukimwomba tochi. Akiudhika, tafuta gari jingine kabla gunia la kwanza halijapanda. Mimi siku ile nilikuwa na kalamu na daftari, na maneno mawili tu yangetosha: “Subirini kwanza.”

Mavuno mema.