Nani alisema depresheni ni ya wazungu?

Nimekulia Sena, kisiwani Mfangano, na kuna sentensi nimeisikia tangu utotoni: depresheni ni ugonjwa wa wazungu. Baba yangu mdogo alipoacha kwenda ziwani, akawa analala mchana kutwa, hali, haongei hata bei ya omena ikipanda, watu walisema ni uvivu. Wengine wakasema amerogwa. Mimi nilimcheka. Hiyo bado inaniuma.

Juzi nikaanza kufuatilia hiyo sentensi ilitoka wapi. Njia moja ilinipeleka Mathari.

Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni ilimpa daktari J. C. Carothers hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, na wakati huo hakuwa hata mtaalamu wa magonjwa ya akili. Wodini aliona Waafrika wachache sana wenye depresheni, akaamua basi kwetu ni nadra. Manze, fikiria kidogo. Waliofikishwa Mathari ni wale waliosumbua kijiji au polisi. Mtu kama baba mdogo, aliyenyamaza ndani ya nyumba yake, nani angempeleka?

Mwaka wa 1951 akaenda mbali zaidi: akaandika kwamba Mwafrika mzima anafanana na mzungu aliyefanyiwa leukotomi. Huo ni upasuaji ulioanzishwa na Egas Moniz kule Lisbon mwaka wa 1935, ambapo daktari anakata nyuzi nyeupe zinazounganisha sehemu ya mbele ya ubongo na sehemu zingine. Yaani sisi tulizaliwa kama tumeshakatwa waya! Kabla yake, mwaka wa 1934, F. W. Vint alikuwa ameshapima ubongo wa maiti hapo Nairobi na kudai gamba la nje la ubongo wetu ni jembamba kuliko la wazungu. Na hizi hazikuwa stori za kilabuni, wasee. Kitabu cha Carothers kuhusu akili ya Mwafrika kilichapishwa na Shirika la Afya Duniani, 1953.

Sasa cheki. Nyuzi zile zile nyeupe leo zinaonekana mtu akiwa hai, bila kisu. Tangu 1994 kuna njia ya kutumia MRI kufuata maji yanavyotembea ndani ya ubongo. Ni kama mashua kwenye njia iliyokatwa katikati ya magugu maji: inaenda mbele kwa urahisi, kando inakwama. Nyuzi zikiwa zimejipanga vizuri, maji yanafuata mkondo wao. Zikilegea, yanatawanyika.

Mwaka wa 2020 watafiti wa mradi wa ENIGMA walikusanya picha za watu 1,305 wenye depresheni na 1,602 wasio nayo, kutoka nchi mbalimbali. Kwa watu wazima, mpangilio wa nyuzi ulikuwa umepungua sehemu nyingi, lakini kidogo tu. Kwa vijana hawakuona tofauti. Kwa hivyo hakuna daktari anayeweza kukuskani leo akakwambia unayo au huna. Picha haisemi pia kama nyuzi zililegea kwanza au huzuni ndiyo ilitangulia. Naipenda hiyo sayansi, inakubali mipaka yake. Carothers hakukubali yake.

Halafu kisiwani kwetu hakuna MRI. Ndiyo maana utafiti ulionigusa zaidi ni wa ng'ambo ya ziwa, upande ambao mababu wa Abasuba wengi walitoka. Masaka na Rakai, Uganda, watafiti walianza kwa kuwauliza wanavijiji majina yao wenyewe ya hali hiyo. Wakapewa mawili, yo'kwekyawa na okwekubazida, kujichukia na kujihurumia. Katika vijiji 30 wakajaribu vikundi vya kuongea, mara moja kwa wiki, wiki 16, vikiongozwa na wenyeji. Matokeo yalitoka 2003: waliotimiza vigezo vya depresheni walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5. Kwa wasiopata vikundi, walikuwa asilimia 94 na wakabaki 54.7.

Jana nilimpigia baba mdogo. Nikamuuliza siku zile zilikuwaje. Kwanza akataka kujua nani amenituma. Kisha akaanza kuongea, na kredo ikaisha kabla hajamaliza. Nimenunua ingine.