Nyaya za Mwaka 1938 Katika Nyumba ya Mama

Nimekuwa kimya kwa karibu mwezi mzima na baadhi yenu mmeniuliza kama nimeacha kublogu. Sijaacha. Nilikuwa kwa Mama, Ngara, nikihangaika na stima. Kwa hivyo leo hakuna programu, ni historia tu, ila nadhani yeyote anayependa kujua mitambo inavyofanya kazi hatachoka njiani.

Nyumba yetu ni ya zamani. Ramani aliyoachiwa Baba alipoinunua mwaka 1974, kutoka kwa familia ya Kihindi iliyokuwa ikihama, inaonyesha kwamba ilijengwa mwaka 1938. Ni nyumba ya mawe, dari ya mbao, na veranda ambayo sisi watoto tuliigeuza uwanja wa mpira. Baba alifariki zamani kidogo na Mama ndiye anayeishi humo. Mwezi uliopita alinipigia simu akasema kila akiwasha shawa ya maji moto kuna harufu ya mpira unaoungua, na taa ya koridoni inafifia. Alilisema hilo kama jambo dogo tu, katikati ya habari za majirani. Mimi sikulala vizuri usiku ule.

Fundi niliyemwita ana leseni ya EPRA na ni mtu mzima, si wa haraka. Kabla ya kugusa kitu aliniuliza shawa ni ya wati ngapi. Nikasoma maandishi ubavuni: 5,500. Gawanya kwa volti 240 utapata karibu ampea 23. Halafu akafuata waya wa shawa mpaka mwisho wake, akakuta umeungwa kwenye laini iliyowekwa mwaka 1938 kwa ajili ya soketi moja ya ampea 15. Shawa ilifungwa miaka ya tisini, na fundi wa siku hizo aliona soketi ya zamani haitumiki, akachukua njia rahisi. Fyuzi ilipokuwa inakatika kila asubuhi, mtu fulani (nadhani ni Baba, Mungu amrehemu) akatoa uzi mwembamba wa fyuzi akafunga waya mnene wa shaba. Fyuzi ikaacha kukatika. Ni kama ule mtindo wetu sisi waandishi wa programu wa kuzima onyo badala ya kurekebisha kosa.

Ngoja nieleze jambo hili kidogo, maana ndipo historia yenyewe inapoanzia. Fyuzi ni wazo la zamani sana. Thomas Edison alipata hataza ya fyuzi mwaka 1890, na kazi yake ni moja: mkondo ukizidi, uzi mwembamba uyeyuke kabla waya ulio ukutani haujapata joto la kuwasha nyumba. Hata ile fyuzi halali ya kufungwa kwa uzi haina haraka. Uzi wa ampea 30 huhitaji kama mara mbili ya hapo ndipo uyeyuke. Ukiweka waya mnene umeondoa mlinzi kabisa, na kitakachoyeyuka kwanza ni ganda la waya ndani ya ukuta. Ile harufu aliyoisikia Mama ndiyo hiyo.

Nyumba ilipojengwa, stima ilikuwa imefika nchini miaka thelathini tu kabla. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alinunua jenereta iliyokuwa ya Sultani wa Zanzibar, na hapo ikazaliwa kampuni ya stima ya Mombasa. Mwaka uo huo mhandisi Clement Hirtzel akapewa haki ya kuuzia mji wa Nairobi stima. Kampuni hizo mbili ziliungana mwaka 1922 zikawa East African Power and Lighting, ambayo baadaye ilienea mpaka Tanganyika na Uganda. Jina likabadilishwa kuwa Kenya Power and Lighting mwaka 1983, na tangu 2011 tunaiita Kenya Power. Angalia jina la zamani: nguvu na taa. Kwa watu wengi ilikuwa taa tu. (Na hata neno stima tulilipata kwenye meli za mvuke, ndiyo maana Watanzania wakisikia tunasema stima imepotea wanatucheka. Wao wana umeme.)

Basi aliyefunga nyaya mwaka 1938 alifikiria taa saba, redio, pasi na labda hita ndogo wakati wa baridi ya Julai. Hakukosea. Alihesabu mahitaji ya siku zake, akafanya kazi safi. Friji, mikrowevu, birika la stima la wati 2,000, shawa, tarakilishi, mashine ya kufua, vyote hivyo vilikuja baadaye, kila kimoja kikaungwa mahali palipopatikana. Ukiwahi kurithi programu iliyoandikwa na watu watano tofauti bila komenti hata moja, basi unajua jinsi dari yetu ilivyokuwa.

Tulipoinua mbao za dari tulikuta zama tatu. Chini kabisa ni mabomba ya chuma yenye nyaya za 1938, zilizofunikwa kwa mpira na juu yake kitambaa kilichosukwa. Shaba yake inang'aa kama fedha. Nilidhani ni madini mengine, fundi akanieleza kwamba ilipakwa bati, kwa sababu mpira wa wakati ule ulikomazwa kwa salfa, na salfa hula shaba. Mpira huo ukikaa miaka mingi, hasa penye joto, hukauka. Fundi aliukunja waya mmoja mbele yangu, karibu na holda ya taa ya jikoni, na ganda likamwagika mkononi mwake kama makombo ya mkate mkavu. Waya ulibaki uchi. Akaniambia, "Ndugu yangu, nyaya hizi zinasimama kwa sababu hakuna aliyezigusa."

Juu ya zile za mpira kulikuwa na nyaya za plastiki, nyekundu na nyeusi, za soketi za pini tatu za mraba. Hizi zina hadithi yake. Zamani Waingereza walikuwa na soketi za pini za mviringo za ukubwa tofauti: ampea 2, 5 na 15. Plagi ya redio haikuingia kwenye soketi ya pasi. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kamati yao ilikaa kufikiria nyumba zitakazojengwa vita vikiisha, na ripoti ikatoka mwaka 1944. Kamati hiyo ilikuwa na mwanamke mmoja tu, Caroline Haslett, mhandisi aliyepigania usalama wa watoto. Plagi iliyotokana na kazi hiyo ilitangazwa rasmi mwaka 1947: ina fyuzi ndani yake, na pini ya ardhi ni ndefu kuliko nyingine ili iingie kwanza na kufungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Mtoto akiingiza msumari hafikii kitu. Plagi hiyo ndiyo unayoitumia leo Kenya, Uganda na Tanzania.

Kuna na sababu ya pili, isiyohusu watoto. Shaba ilikuwa adimu. Badala ya kuvuta waya mnene kutoka kwenye fyuzi hadi kila soketi, walivuta waya mmoja unaozunguka nyumba kama pete na kurudi ulikotoka, soketi zote zikining'inia humo, kwa hesabu kwamba hutatumia zote kwa pamoja. Ndiyo maana plagi inahitaji fyuzi yake yenyewe: fyuzi ya pete ni kubwa mno kulinda waya mwembamba wa redio. Kwetu mtu aliikata pete hiyo miaka fulani alipokuwa akiziba dirisha la zamani. Soketi zote ziliendelea kufanya kazi, kila upande ukilishwa kutoka mwisho mmoja, waya ukibeba mzigo ambao ulipaswa kugawanywa njia mbili. Hakuna aliyejua.

Zama za tatu sitazieleza sana. Ni ekstensheni. Nyingine ni zangu mwenyewe, za enzi nilipokuwa chuoni nikiendesha seva chumbani.

Sasa twende kwenye boksi, na hapa nina habari ya kaka yangu.

Mwaka 1988, jioni moja, taa za upande wa vyumba vya kulala zilizimika zote. Kaka alikuwa na miaka kumi na sita. Akapanda juu ya meza kuangalia holda ya globu, kwa sababu stima haikuwapo na hakuona hatari. Mkono mmoja ameshika bomba la chuma, mwingine ndani ya holda. Ilimrusha mpaka kitandani. Baba alipofika alikuta fyuzi moja imekatika, akafunga nyingine, taa zikawaka. Halafu akamkemea kaka kwa kusema uongo: kama taa zilikuwa zimezima kwa fyuzi, stima iliyomrusha ilitoka wapi? Kaka aliapa hakuna taa iliyokuwa ikiwaka. Nyumbani ikawa mzaha. Mtu akitoa kisingizio kibovu tulikuwa tukisema amerushwa na stima isiyokuwapo.

Fundi alipofungua boksi la mbao na fyuzi za kauri, nilihesabu fyuzi mbili kwa kila laini. Nikamuuliza kwa nini mbili. Akasema ni desturi ya zamani: walifunga fyuzi kwenye waya wa moto na nyingine kwenye nyutro. Desturi hiyo ilitoka siku ambazo miji mingi ilitumia mkondo mnyoofu, na nyaya zote mbili zingeweza kuwa na nguvu dhidi ya ardhi. Kwa mkondo wa kubadilika wa leo, ambapo nyutro imeunganishwa na ardhi, ni mtego. Mzigo ukizidi, yoyote kati ya zile mbili inaweza kukatika. Ikikatika ya nyutro, taa zote zinazima, ukibonyeza swichi hakuna kitu, nawe unasema stima imepotea. Lakini waya wa moto bado uko hai mpaka ndani ya holda, ukingoja njia ya kushuka ardhini.

Nilikaa pale kwenye kiti cha jikoni nikafikiria kaka.

Hata fyuzi zingekuwa zimefungwa sawasawa, hazingemsaidia. Globu ya wati 60 hutumia milliampea 250. Milliampea thelathini tu zikipita kifuani zinatosha kuleta hatari, yaani chini ya sehemu moja ya nane ya kinachowasha globu hiyo. Fyuzi ya taa ya ampea 5 huruhusu milliampea 5,000 bila kushtuka. Boksi la 1938 lilikuwa mlinzi wa nyaya na wa nyumba. Mtu hakuwa kwenye hesabu.

Hata swichi za kujikata zenyewe, zile tunazoziona kwenye maboksi mapya, hazikuleta mabadiliko hayo. Hataza ya ile ndogo ya nyumbani ilitoka Ujerumani mwaka 1924, kwenye kampuni ya Hugo Stotz, na ni fyuzi isiyohitaji uzi: ikikatika unainua tu. Kilichobadilisha mambo ni kifaa ambacho mafundi wetu hukiita RCD. Kinapima mkondo unaotoka na unaorudi. Vikiwa sawa, vizuri. Kikipungua kinachorudi, maana yake kuna stima iliyopata njia nyingine, pengine kupitia kwa mtu, na RCD hukata kwa kufumba na kufumbua. Kazi kubwa ya kukifanya kiwe chepesi kiasi cha kuokoa binadamu ilifanyika hapa Afrika: miaka ya 1950 mhandisi Henri Rubin wa Afrika Kusini alikitengeneza kwa ajili ya migodi ya dhahabu, ambako wachimbaji walikuwa wakiuawa na stima. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Charles Dalziel wa California, aliyekuwa amepima kwa miaka mingi ni mkondo kiasi gani mwili unaweza kustahimili, akatengeneza cha kwake cha milliampea 5.

Kazi yetu ilichukua siku tisa. Mabomba ya chuma yaliyokuwa bado mazima tulivuta nyaya mpya humo humo; yaliyooza kwa kutu tulikata ukuta, na Mama alilalamikia vumbi kuliko alivyowahi kulalamikia ile harufu. Shawa ina laini yake yenyewe ya waya wa milimita 6 na swichi yake. Pete imeunganishwa tena. Boksi jipya lina njia kumi na mbili na RCD ya milliampea 30, na nje ya ukuta wa jikoni kuna fimbo mpya ya ardhi, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa imeungwa kwenye bomba la maji ambalo miaka iliyopita lilibadilishwa kuwa la plastiki. Gharama sitaitaja. Ni zaidi ya bei ya laptopu mbili nzuri.

Jioni ya siku ya mwisho fundi alibonyeza kitufe cha majaribio, nyumba nzima ikazima, akainua, ikawaka. Nikampigia kaka simu, yuko Eldoret siku hizi, nikamweleza habari ya fyuzi mbili. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema, "Mpe Mama simu."

Waliongea dakika arobaini. Mimi nilirudi darini kukusanya makombo ya mpira. Laini ya gereji bado, tutaimaliza mwezi ujao.