Utomvu Chini ya Bahari

Mwaka 1879 waya wa simu ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Unguja, kisha ukaendelea kusini hadi Msumbiji na Durban. Seyyid Barghash bin Said ndiye aliyekuwa akitawala. Kabla ya hapo habari za Ulaya ziliingia Shangani kwa meli ya barua, iliyoanza safari zake za kila mwezi mwaka 1872. Na kabla ya meli hiyo ziliusubiri upepo wa kaskazi kama zilivyousubiri tende na mazulia. Neno simu lenyewe, ambalo asili yake ni Kiajemi, lilimaanisha waya zamani kabla halijamaanisha kitu cha kutiwa mfukoni.

Juu ya waya ule mengi yamesemwa, na aghalabu ni ya siasa. Hapana shaka haukutandikwa kwa ajili ya wafanyabiashara wa karafuu. Januari ya mwaka ule Waingereza walishindwa na Wazulu pale Isandlwana, na habari ikachukua karibu wiki tatu kufika London. Lakini lililosahauliwa ni jambo dogo zaidi, nalo ni ngozi ya waya. Shaba tupu ikitiwa katika maji ya chumvi huupoteza umeme wake wote. Lazima ivikwe kitu kisichopenya maji. Vazi hilo lilikuwa utomvu wa mti wa misitu ya Malaya, Sumatra na Borneo, ambao Wamalei wakiuita getah perca, na viwanda vya Ulaya vikauita gutapercha.

Utomvu huu una tabia ya ajabu. Ukitiwa katika maji ya moto hulainika, ukafinyangwa upendavyo, ukipoa hukakamaa. Juani hukauka na kupasuka, ilhali katika giza na baridi ya kilindi hukaa miongo bila kuoza. Mwaka 1843 William Montgomerie, tabibu wa Kiskoti aliyekuwa Singapore, alipeleka sampuli London. Miaka miwili baadaye kampuni ya gutapercha ikaundwa huko. Mwaka 1851 waya uliovikwa utomvu huo ukaunganisha Uingereza na Ufaransa, na mwaka 1866 mwingine ukavuka Atlantiki na kudumu.

Msituni mambo yalikuwa mengine. Utomvu wa gutapercha hautiririki kama wa mpira, ambao mti wake hutogwa leo ukatogwa tena baadaye. Wenyewe umefungika katika vifuko vidogo vidogo ndani ya gome, na ukichanjwa huganda upesi. Basi wakataji waliuangusha mti, wakauchanja pete pete tangu shinani hadi matawini, wakakwangua kilichojitokeza. Mti uliokua kwa miongo ulitoa ratili chache tu, na sehemu kubwa ya utomvu ikabaki katika gome na majani, ikaozea pale pale. Kisiwani Singapore miti mikubwa ilitoweka katika miaka michache. Baadaye shoka likahamia Johor, likavuka kwenda Sumatra na Borneo. Waandishi wa zama zile waliwalaumu wenyeji kwa uharibifu huo. Lawama hiyo ilikuwa rahisi mno. Aliyekata alikuwa akiuza kwa mchuuzi, mchuuzi akiuza kwa tajiri wa Singapore, na bei ikipangwa London, katika viwanda vichache ambavyo wenyewe hawakuwa na haja ya kuuona mti.

Ndipo mwaka 1885, baada ya takriban miaka arubaini ya biashara hiyo, Waholanzi wakaanzisha shamba la gutapercha huko Cipetir, magharibi ya Java. Pale majani yalichumwa, yakasagwa, yakatiwa katika maji ya moto, utomvu ukapatikana na mti ukabaki umesimama. Elimu hiyo haikuwa ya miujiza. Haikutafutwa tu, maadamu msitu ulikuwa bado na miti ya kuangushwa. Mwenye kiwanda alianza kuujali mti alipoogopa kukosa mali, wala si siku moja kabla.

Vipande vya shamba lile vingalipo. Tangu mwaka 2012 watu wa fukwe za Uingereza na nchi za jirani wamesikia na kuona vibamba vyeusi vikitupwa na mawimbi, vimepigwa chapa ya TJIPETIR. Inadhaniwa vilitoka katika meli ya Kijapani iliyozamishwa mwaka 1917. Kwa upande wa nyaya, gutapercha iliondolewa na plastiki ya polithini, iliyogunduliwa Uingereza mwaka 1933. Msitu ukapumzika, na bahari ikapata taka yake mpya.

Mwaka 2009 nyaya za kioo zilifika Mombasa na Dar es Salaam, na kwenye ncha za nyaya hizo zimo simu za mkononi, zenye vijidude vya kuhifadhi umeme vilivyotengenezwa kwa tantali. Madini hayo hutoka katika koltani, na koltani nyingi huchimbwa Kivu, mashariki ya Kongo, na watu wanaosema Kiswahili. Bei ilipopaa mwaka 2000, silaha zilifuata machimbo, na mwaka 2001 wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakalieleza hilo waziwazi. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuzitaka kampuni zieleze madini yao yametoka wapi; Umoja wa Ulaya ukaanza kutekeleza ya kwake mwaka 2021.

Matokeo yake hayakuwa mepesi. Mwaka huo huo wa 2010 serikali ya Kongo ilisimamisha uchimbaji katika Kivu na Maniema kwa miezi kadhaa, wanunuzi wengi wakakimbia, na mchimbaji wa sululu akakosa hata karo ya mwanawe. Kukimbia si uangalifu. Ni kuacha shoka likiwa mikononi mwa mwingine. Afadhali walau waliobaki na kuanza kuufunga kila mfuko lebo tangu shimoni, kisha wakavihoji viwanda vya kuyeyusha, ambavyo duniani ni vichache kama vilivyokuwa vile vya London. Lakini lebo nayo ni karatasi. Mwaka 2024 waasi wa M23 waliitwaa Rubaya, machimbo yanayokadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wakaeleza kwamba koltani yake ilivushwa mpaka hadi Rwanda na kuchanganywa na ya huko. Ikishachanganywa, tanuri haiwezi kuitofautisha.