Mount Laurel: nani mgeni, nani mwenyeji?

Leo historia kidogo. Wiki hii tunasoma makazi Marekani, na kuna mji mdogo wa New Jersey, Mount Laurel, umenikaa kichwani.

Mwaka 1950 ulikuwa na watu 2,817, mji wa wakulima. Kufika 1970, watu 11,221! Mashamba yakageuka mitaa ya wenye magari. Familia za weusi, zilizokuwepo vizazi na vizazi, zikabaki kwenye nyumba mbovu, nyingine zamani mabanda ya kuku. Wakaomba kujenga nyumba 36 za bei nafuu. Jibu la meya: asiyemudu ahame.

Mama Ethel Lawrence, mwalimu wa watoto wadogo, akaenda mahakamani 1971. Wakashinda 1975, tena 1983. Akafariki 1994, hajaona hata msingi.

Nyumba zenye jina lake zilifunguliwa mwishoni mwa 2000. Zilisaidiwa na sheria ya 1986: mwekezaji anatoa mtaji, serikali inampunguzia kodi ya mapato kwa miaka 10, nyumba wanapangishwa wenye kipato kidogo.

Majirani walihofia uhalifu na nyumba zao kushuka bei. Utafiti wa Douglas Massey na wenzake, kitabu cha 2013, ukakuta wala hayakutokea.

Sasa jamani, waliobadili mji ni wale waliohamia na magari yao. Ila walioitwa tishio ni wenyeji waliotaka kubaki tu. Mambo ya makazi ndiyo hayo: mwenye nacho akija ni maendeleo, asiyenacho akibaki ni tatizo.