Enkhuizen, mji uliofungiwa bahari

Treni itokayo Amsterdam kupitia Hoorn haina pa kwenda zaidi ya Enkhuizen. Reli iliyofika hapa mwaka 1885 inakomea ukingoni mwa maji, na abiria anayeshuka huona milingoti ya mashua kabla ya nyumba. Karibu na hapo umesimama Drommedaris, mnara mnene wa matofali uliojengwa mwaka 1540 kulinda lango la bandari. Nembo ya mji ni samaki watatu wa heringi, na haihitaji maelezo: heringi ndio walioujenga mji huu.

Baadaye ikaja pilipili manga. Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki ilipoundwa mwaka 1602, Enkhuizen ikawa moja ya bandari sita zenye tawi lake. Ghala moja la zamani bado linaitwa Nyumba ya Pilipili, na sasa ni sehemu ya makumbusho.

Lakini mtu ninayemfikiria zaidi hapa ni Jan Huyghen van Linschoten. Alizaliwa Haarlem, akalelewa Enkhuizen, kisha akaenda kutumikia Wareno. Agosti 1583 merikebu yake ilitia nanga Kisiwa cha Msumbiji, ikavuka hadi Goa kwa upepo wa kusi, ule ule waliousubiri manahodha wa pwani yetu. Huko alimtumikia askofu mkuu kwa miaka kadhaa, huku akiandika kila alichokiona na kukisikia: bandari, bei, mikondo ya maji, njia ambazo Wareno walizificha kama hazina. Alirudi Enkhuizen mwaka 1592. Kitabu chake, Itinerario, kilitoka mwaka 1596, lakini maelezo yake ya njia za baharini yalikuwa yameshachapwa, na yakawaongoza Waholanzi wa kwanza kufika Java. Kalamu ya kijana mmoja ilifungua mlango ambao mizinga ilikuja kuupitia. Mwaka 1621 Jan Pieterszoon Coen, mzaliwa wa Hoorn na gavana mkuu wa Kampuni ya India Mashariki, aliongoza mauaji ya watu wa visiwa vya Banda kwa ajili ya kungumanga. Sanamu yake ingali uwanjani Hoorn, na mimi naona msafiri asiipite bila kusimama na kuwakumbuka waliouawa.

Utajiri haukudumu. Bandari ilijaa tope, biashara ikahamia Amsterdam, nyumba zikabomolewa na viwanja vikageuka mashamba ndani ya kuta za mji. Naamini umaskini huo ndio uliouhifadhi mji: asiye na fedha hajengi upya. Ndiyo maana mitaa ya karne ya 17 bado iko, na madaraja yake ya kuinuliwa, na kengele zinazopigwa juu ya Drommedaris.

Pigo lililobaki lilitoka kwa Waholanzi wenyewe. Bahari ya Zuiderzee, ambayo mji huu uko ukingoni mwake, ilikuwa ikilisha na kuua. Mafuriko ya Januari 1916 yaliwasukuma kuifunga. Mhandisi Cornelis Lely alikuwa ameshachora mpango, na tarehe 28 Mei 1932 pengo la mwisho la Afsluitdijk, tuta la kilomita 32, likazibwa. Maji ya chumvi yakageuka baridi, bahari ikawa ziwa, heringi wakatoweka. Siwalaumu waliojenga: waliookolewa kutokana na mafuriko ni wengi. Lakini wavuvi wa vijiji vizima walipoteza kazi waliyorithi.

Ndipo Enkhuizen ikakusanya kilichobaki. Katika makumbusho ya Zuiderzee, ambayo sehemu yake ya wazi ilifunguliwa mwaka 1983, kuna nyumba za wavuvi zilizohamishwa kutoka vijiji vya pwani hiyo na kusimamishwa upya, pamoja na karakana zao. Msafiri huenda kwa boti, na samaki bado wanakaushwa kwa moshi mtindo wa zamani.

Jioni ukikaa gatini chini ya Drommedaris, utaona mashua za kale za mbao zikirudi na watalii. Kamba zimefungwa fupi, kwani hapa maji hayajai wala hayapwi tena.