Mwamba wa Lagundri na Safari za Kufuata Mawimbi

Asimamaye ufukweni mwa ghuba ya Lagundri, kusini mwa kisiwa cha Nias kilichoko magharibi ya Sumatra, huona mbele yake wimbi ambalo halikuzaliwa hapo. Limetoka katika tufani za bahari ya kusini, upande wa barafu za ncha ya dunia, likasafiri maelfu ya kilomita kwa siku nyingi katika maji ya kina, hata likakutana ghafula na mwamba wa matumbawe, na kwa kuwa chini limezuiliwa ilhali juu lingali na mwendo wake wote, likajikunja mbele na kufanya pango la maji ambalo mtu mahiri, akisimama juu ya ubao wake, aweza kupita ndani yake akatoka salama.

Kulifikia wimbi kama hilo ni kazi inayoanza zamani kabla ya mtu kutia mguu chomboni. Yapasa ajue majira ambayo tufani za kusini zina nguvu, nayo aghalabu ni tangu Aprili hadi Oktoba. Ajue mwamba umeelekea upande gani. Ajue tofauti ya maji ya bamvua na maji mafu, maana siku za bamvua mwamba unaopitika maji yakijaa waweza kumchuna ngozi saa tatu baadaye. Maarifa mengine katika hayo yana asili ya vita. Harald Sverdrup na Walter Munk, wataalamu wa bahari huko California, walitunga kanuni za kubashiri mawimbi ili majeshi yajue siku ya kushuka pwani, na kanuni hizo zilitumika katika shambulio la Normandy, Juni 1944. Mwaka 1963 Munk na wenziwe wakaweka vipimo tangu New Zealand hadi Alaska, wakathibitisha kwamba wimbi la tufani ya kusini huivuka Pasifiki nzima na kufika upande wa pili lingali na sehemu kubwa ya nguvu zake.

Lakini waliozifungua njia za visiwa vya Indonesia hawakuwa na vipimo hivyo mikononi. Mwaka 1972 Bob Laverty, Mmarekani, alikuwa ndani ya ndege iendayo Bali alipotazama dirishani akaona mistari mirefu ya povu ikiuzunguka mwamba wa Plengkung, kwenye pembe ya mashariki ya Java. Yeye na Bill Boyum waliufuata mwambao huo kwa pikipiki na kwa miguu, kando ya msitu wa Alas Purwo, wakalikuta wimbi lenyewe, likilainishwa na upepo wa kusi-mashariki ambao ni ndugu wa damu wa Kusi yetu, ile iliyokuwa ikiwarejesha nyumbani manahodha wa Uarabuni na Bara Hindi. Baadaye Mike Boyum, nduguye Bill, alijenga hapo kambi ya wageni, mfano ulioigwa na wengi.

Nias ilikuwa mbali zaidi. Msafiri alifika bandari ya Sibolga, akangoja meli ya usiku, akavuka, kisha akatafuta namna ya kufika pwani ya kusini. Mwaka 1975 kundi dogo la Waaustralia, miongoni mwao Kevin Lovett, John Giesel na Peter Troy, lilifika Lagundri likakuta wimbi likivunjika kuelekea mkono wa kulia wa alipandaye, mbele ya minazi, na hapana mtu juu yake. Ni vigumu kuisoma habari yao bila ya kuona wivu kidogo. Lakini ni vigumu zaidi kuisoma mpaka mwisho bila ya huzuni. Malaria ya pwani ile iliwashika, na Giesel, ambaye mwili wake ulidhoofishwa na homa hiyo, alifariki baada ya miezi michache. Kwa sababu hiyo mimi humwambia kila kijana anayeniuliza habari za safari hizi kwamba dawa na chandarua huandikwa juu kabisa ya orodha, na ubao huandikwa chini yake.

Wenyeji wa kusini mwa Nias walikuwa na hadhari zao. Miji yao ya kale, kama Bawomataluo, imejengwa juu ya vilima, yenye ngazi ndefu za mawe na nyumba kubwa za mbao, na vijana wake huruka jiwe lililo juu kuliko kimo cha mtu. Hapana shaka vita ndivyo vilivyowapandisha huko. Lakini alalaye kilimani yuko mbali na mbu wa pwani, tena yuko mbali na bahari, ambayo mwaka 1861 iliinuka baada ya tetemeko ikaiharibu ngome ya Waholanzi hapo hapo Lagundri. Wageni walilala chini, ufukweni.

Miaka ya 1990 ilileta utaratibu mwingine. Martin Daly, Mwaustralia aliyekuwa mzamiaji, alianza kupeleka watu visiwa vya Mentawai kwa chombo chake Indies Trader, wakala na kulala humo, wakihama mwamba hadi mwamba kwa kadiri upepo ulivyogeuka. Ni raha kubwa, ingawa mtu aweza kurudi kwao bila ya kulijua jina la kijiji hata kimoja.

Usiku wa tarehe 28 Machi 2005 tetemeko lenye nguvu ya 8.6 liliipiga Nias. Mamia ya watu walikufa, na ardhi ikainuka, mahali pengine karibu mita 3, matumbawe yaliyokuwa hai chini ya maji yakabaki nje kukaushwa na jua. Mwamba wa Lagundri uliinuka nao. Maji juu yake yakapungua, na wimbi likawa zito zaidi na pango lake likapanuka. Hata uwazi ule wa mwambani ambao waogeleaji walikuwa wakiupitia kuingia baharini, na kila kina kilichoandikwa ramanini kabla ya usiku huo, ilibidi vipimwe upya.